Kengele Ambayo Sikumgongea Zefania

Debora, mame,

Hali yako naijua, nimekusikia sasa hivi ukicheka na mama yako jikoni, kwa hiyo salamu naziruka. Mimi ni mgongo tu. Naandika hapa nje kwenye benchi kabla giza halijaingia, kwa kalamu yako ile ya bluu, nimeichukua bila kuomba. Mwandiko huu ni wa mtu aliyejifunza kusoma kwenye Katekisimo akiwa tayari ana ndevu. Usiucheke. Hapa kambini kwetu wakata mkonge, watu waliomaliza shule walikuwa wananiletea barua zao niwasomee, kwa sababu mimi nasoma kwa sauti na sikwami.

Mambo ya safari siyasemi. Begi, basi, usipokee soda ya mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshayasema mpaka kijana wa bodaboda atakayekuchukua alfajiri atakuwa ameyashika kwa moyo. Mimi nina jambo moja. Jana ulikuwa unakunja kanga zako, ukaniuliza bila kunitazama, "Baba, kaka Zefania yuko wapi?"

Nikakujibu, "Si unajua? Makaburini, upande wa korongo."

Ukasema, "Sijaulizia mifupa, baba."

Nikatoka nje kwenda kumwangalia mbuzi. Mbuzi hakuwa na shida yoyote.

Sasa nakujibu. Wewe unaamini mchungaji yule wa zamani ndiye aliyekataa kaka yako asipewe Chakula cha Bwana, na asizikwe na kanisa. Kambi nzima inasema hivyo, na mimi nimeiacha iseme. Uliposema unakwenda chuo cha Biblia milimani ili uwe mwinjilisti asiyefanana na yule mchungaji, nilimega tu ugali wangu. Mame, hakuwa mchungaji. Nilikuwa mimi. Ulikuwa mdogo, tulikupeleka kwa shangazi yako Kigombe wakati yale yanatokea, ukarudi ukakuta kaburi. Ukishamaliza kusoma hii, kurudi kunizika siku yangu ikifika au kutorudi, hilo litakuwa lako. Lakini hutakwenda huko milimani kumchukia mtu asiye na kosa.

Ili unielewe lazima nikwambie nilikuwa mtu gani, na nitajisifu, maana waliokuwa wakinisifu wamekufa.

Nilishuka toka Usambaa nikiwa kijana, na panga la kuazima. Haikupita misimu mingi hakukuwa na mkata mkonge wa kunifikia shamba hili lote. Uliza. Tulikuwa tunafunga majani matita, tunayapanga, nyapara anakuja kupima. Wenzangu walichomeka majani mafupi katikati ya tita ili lionekane limejaa. Mimi sijawahi. Nyapara akifika kwenye mstari wangu alikuwa hapimi, anapita tu, anasema, "Hapa kwa Msambaa sina kazi." Ukimaliza kazi, unaandikiwa posho. Hujamaliza, huandikiwi, uwe na homa, uwe umefiwa. Wengine waliilaani sheria ile. Mimi niliipenda. Ilinipenda na yenyewe.

Na Mungu nilimjua hivyohivyo. Hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha mwenyewe mle mkongeni nimeinama. Yeye ni nyapara mkubwa, amri ni kazi ya siku, na jioni anapita kupima. Amri kumi nazisema kuanzia ya kumi kurudi ya kwanza. Mchungaji mmoja alinijaribu harusini mbele ya watu, nikamaliza yeye bado anaitafuta ya saba. Sijalewa. Sijagusa mke wa mtu. Sijakosa ibada ila asubuhi ile nyoka aliponiuma, na jioni yake nilikuwepo, mguu umevimba kama mgomba. Ndiyo maana wakanifanya mzee wa kanisa, na wakanipa kengele.

Kengele yetu unaijua, rimu ya lori inayoning'inia kwenye nguzo, na chuma chake cha kugongea. Jumapili naigonga mbiombio kuita watu. Mshirika akifa naigonga pole pole, na wewe umeona, hata anayechuma mchicha anasimama wima. Lakini mtu akifa ametengwa na Meza ya Bwana, rimu haiguswi. Mchungaji havai joho. Ndugu zake wanamchukua wenyewe, wanamlaza upande wa korongo. Sheria hii sikuitunga mimi. Mimi niliishika tu, na kushika vitu nilikuwa hodari.

Zefania ulimjua kidogo. Alikuwa na bodaboda, anakwenda mpaka Moa kuchukua dagaa wa kuuza. Huko akampata Mwanakombo, binti wa Kidigo, Mwislamu. Wakapanga chumba Pongwe, wakakaa pamoja. Hapakuwa na ndoa. Mimi sikuuliza kwa nini hapakuwa na ndoa. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Nililileta jina lake kwenye baraza la wazee wa kanisa mimi mwenyewe. Mzee Samweli, huyu huyu wa vicheko, akaniambia, "Ngoja kidogo bwana. Kijana ataoa tu. Kwani nyumba inaungua?"

Nikamwambia, "Nataja la kwangu kwanza, ndiyo nipate mdomo wa kutaja ya kwenu."

Wakatikisa vichwa, wakasema kweli huyu ni mzee wa kanisa. Wakamtenga. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo, na wiki ileile nikawaambia watu wasiniite tena Baba Zefania, waniite Baba Debora. Mama yako alinipokea mlangoni.

"Karibu, Musa. Umeshuka na mawe yako?"

Mimi siitwi Musa, alimaanisha yule wa amri. Nilidhani ni uchungu wa mwanamke.

Halafu kifua kikamshika Zefania. Akakauka kama singa ya mkonge iliyoanikwa, unaona jua upande wa pili. Akatuma mtu kanisani, anaomba Chakula cha Bwana. Sasa utaratibu wetu ulikuwa huu, na huko chuoni watakufundisha kwa maneno mazuri zaidi: mgonjwa aliyetengwa hapelekewi mkate kwanza. Wanatangulia wazee wawili, wanasikia toba yake, wakiridhika ndipo wanamwambia mchungaji aende. Mchungaji akaniambia, "Wewe ni baba yake, kaa pembeni safari hii." Nikakataa. Nikasema nikikaa pembeni watu watasema tumempendelea. Tukaenda mimi na Samweli.

Mwanakombo alikuwa amemwegemeza kwenye mito, anamfuta jasho. Alipotuona akasema, "Shikamooni," akatoka. Mimi nikabaki nimesimama. Stuli ilikuwepo, nikakataa kukaa.

"Zefania, unatubu?"

"Natubu, baba."

"Unatubu nini?"

"Yote."

"Yote ni neno la mvivu. Taja."

Akataja. Mengine sikuyajua hata mimi. Alivyokuwa akitaja alikuwa akipumzika katikati, na Samweli analia waziwazi, mzee mzima. Nikasubiri. Nikasema, "Na huyu mwanamke?"

"Huyu ndiye anayenigeuza ubavu, baba."

"Aondoke leo. Kesho mchungaji anakuja na mkate."

"Akiondoka nani atanigeuza?"

"Mama yako."

Akafumba macho. Kisha akasema, "Baba, yule mwizi msalabani, alirudisha kwanza alichoiba?"

Nikamjibu, "Yule alikuwa amepigiliwa misumari. Wewe umelala kwenye godoro."

Mame, nimeandika jibu lile ili uone lilivyo. Njiani nikirudi nilikuwa najisifia nalo. Nilimwambia Samweli, "Umesikia nilivyomziba?" Samweli alitembea mbele yangu mpaka kambini, na mguu wake mbovu, na sikumfikia.

Jioni mchungaji akasema ataenda hivyohivyo, mtu ametubu inatosha. Mimi nikamwambia akienda, nitasimama Jumapili mbele ya usharika niseme kwamba hapa watoto wa wazee wana mlango wao. Alikuwa mtu mpole. Aliniogopa. Hilo ndilo kosa lake lote, hakuna jingine, usimwongezee. Asubuhi alivaa viatu aende, akavua. Mke wake alimwambia mama yako, ndiyo nikajua. Siku iliyofuata Zefania akafa. Mwanakombo alikuwa bado mle chumbani, hakuondoka.

Tulimzika upande wa korongo. Kaburi nilichimba mimi, sikutaka mtu anisaidie, na lilinyooka kuliko kaburi lolote pale, nenda kalitazame. Watu walikuwepo wengi. Walikuwa wamesimama vile watu wanavyosimama wakisubiri kitu, na kila mtu alijua ni kitu gani. Toka makaburini rimu inaonekana. Samweli akanisogelea sikioni.

"Kaigonge, mzee mwenzangu. Nani atakushtaki?"

"Nitajishtaki mimi."

Basi haikugongwa. Mama yako akaanza wimbo peke yake, hakuna aliyempokea, waliogopa kunitazama, akaumaliza peke yake beti zote. Mpaka leo hajawahi kuniimbia kitu humu ndani, hata akitwanga.

Hapo ningeishia ningekuwa mtu katili tu, na wakatili ni wengi, wanakula na kulala. Lakini Mwanakombo alikuja kuaga kabla ya kurudi kwao Moa. Alikuwa na mimba, binti wa watu yule. Alisimama pale ulipoanika kanga leo. "Shikamoo baba." Sikuitika. Akasubiri, akasema hivi, na sitasahau sauti yake, haikuwa na hasira:

"Baba, nataka ujue. Baba yangu alitaka tuoane tangu mwanzo. Alimwambia Zefania asilimu tu, akampa na jina, na shekhe alikuwa tayari. Zefania alikataa. Alimwambia baba yangu, nakuheshimu mzee wangu, mimi ni wa Yesu, siwezi kumwacha. Na kanisani kwenu wakasema hawafungishi ndoa mpaka mimi nibatizwe, nami nikakataa, kama yeye alivyokataa. Tukabaki hapohapo katikati. Nilimwambia akwambie. Akasema, baba hajaniuliza."

Nikamwangalia. Nikasema, "Nenda salama."

Umeelewa, Debora? Mtu alipewa njia ya kuwa na ndoa safi, mke mezani, watu wanamheshimu, na bei yake ni kumwacha Kristo. Akakataa bei. Kwa kukataa kule akakosa ndoa, na kwa kukosa ndoa mimi nikamtoa kwa Kristo. Mimi ambaye kutii kwangu hakukunipotezea hata usingizi. Yeye alitii mahali palipomgharimu, mimi nilitii mahali paliponipa sifa. Na aliyekuwa na chuma cha kengele mkononi ni mimi.

Toka wakati ule sijaenda mezani. Uliwahi kuniuliza, nikakwambia divai inanisokota tumbo. Hainisokoti. Nakaa benchi la nyuma, lile la waliotengwa, watu wanadhani masikio yangu hayapendi kelele za mbele. Nimejitenga mwenyewe. Mwaka juzi nikaona nimezeeka, nikaenda kwa huyu mchungaji kijana kutubu. Akafunga mlango vizuri, akaweka uso wa huruma.

"Haya mzee wangu, dhambi gani?"

"Nimetii sheria."

"Samahani mzee?"

"Nimetii. Kifungu kwa kifungu. Mwanangu akafa nje."

Akakuna kichwa. Akasema, "Lakini mzee, kwa utaratibu wa wakati ule hukukosea." Akafungua kitabu cha taratibu mbele yangu, akatafuta, akatafuta. Hakuna pale. Mtu kama mimi hayumo. Akaniombea, akanipa chai. Alikuwa na nia njema, lakini nilitoka pale mzito kuliko nilivyoingia, maana mlevi ana mlango wake, mzinzi ana mlango wake, na mimi nikazunguka nyumba nzima sikuona wa kwangu.

Kwa hiyo nimefikiri mwenyewe, na utaona huko chuoni kama nimefikiri vibaya. Kama mtu anaokolewa kwa kutii, basi mimi nimo na Zefania hayumo. Nitakaa mbinguni nimenyoosha mgongo, mama yako hatanisemesha. Na kama mtu anaokolewa kwa rehema tu, basi Zefania yumo, na mimi nilisimama mlangoni nazuia watu kwenye nyumba ambayo si yangu, na mistari yangu yote ile, asubuhi zangu zote zile, sikununua nayo hata kizingiti. Huku nakatika, na kule nakatika. Nikwambie lililo baya zaidi? Hata leo, nikilala chali, kuna kipande cha moyo wangu kinaomba ile ya kwanza ndiyo iwe kweli. Kinaomba mwanangu awe nje, ili kazi yangu isiwe bure. Nimekiona kipande hicho. Nimekitazama. Ni changu.

Sisemi amri zifutwe. Mtu akikwambia amri hazina kazi, ondoka kwake, huyo anatafuta pa kulalia. Usiibe, usizini, waheshimu wazazi hata wakiwa kama mimi. Lakini mkonge, mame, una namna ya kukatwa. Unakata majani ya chini, unaacha ya juu yamesimama. Ukiwa na tamaa ukakata yote, shina linaonekana safi kweli, limenyooka, nyapara atakusifu siku hiyo, na linakufa. Mimi hilo nililijua kuliko mtu yeyote hapa. Shina hata moja halikufa mkononi mwangu. Kwa mwanangu nilikata mpaka moyo, nikarudi nyuma kidogo kutazama lilivyo safi.

Siku watakapokupa usharika, mgonjwa atakuita, na wazee watakuja kukwambia huyu bado hajastahili. Watakuwa wazee kama mimi, wakweli, hawajaiba kitu. Waitikie vizuri, wape viti. Halafu chukua mkate uende. Maswali utauliza ukiwa umekaa, na uanze na lile ambalo mimi sikuuliza.

Yuko wapi Zefania? Sijui. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa. Ninachojua ni kwamba hayuko pale tulipomweka sisi.

Nimebakiwa na mwanga kidogo. Kesho bodaboda akija sitakuwepo nyumbani, usinitafute, wala mama yako asiniite. Nitakuwa kanisani. Mkifika pale barabara inapokata kwenda Pongwe, mwambie kijana azime pikipiki. Utasikia rimu. Itagongwa pole pole, ile ya mshirika aliyekufa, na kambi nzima itatoka kuulizana ni nani. Nitawaambia ni nani. Najua yeye hasikii. Nimechelewa mno kwa yeye kusikia, sijidanganyi, na sidhani kama kuna kitu kitageuka upande wa korongo kwa sababu ya mzee mmoja na chuma.

Ila sheria ile ya rimu bado ipo, haijafutwa. Baraza litakaa, wataniita, na Samweli atajaribu kunitetea, nitamwambia akae chini. Wataniuliza, dhambi gani? Na safari hii nitakuwa nayo, ina jina na ina kifungu chake. Watanitenga kihalali. Basi nitakuwa upande aliokuwa Zefania, na nikitaka kuingia itabidi niombe kama alivyoomba yeye, sina tita la kuonyesha. Sijui kama nitaweza. Sijawahi kuomba kitu maisha yangu yote, niliandikiwa.

Usigeuze pikipiki kurudi. Sikiliza mpaka nimalize, halafu nenda kwenye basi lako.

Mimi baba yako,
Baba Zefania